Eiji Tsuburaya, fundi aliyemtoa dubwana sinema na kumleta sebuleni

Mwaka 1954, watu wachache walipanda juu ya paa la duka kubwa la ghorofa katika eneo la Ginza, katikati ya Tokyo, wakaanza kuonyeshana majengo kwa vidole. Walikuwa wakijadiliana lipi lichomwe, lipi likanyagwe, na moto uanzie upande gani. Walinzi wa duka waliyasikia mazungumzo hayo, wakawasimamisha na kuwataka wajieleze. Tokyo ilikuwa imeteketezwa kweli kwa mabomu miaka tisa tu kabla ya hapo, na hakuna mlinzi ambaye angeyachukulia maneno ya namna hiyo kuwa mzaha.

Mmoja wa washukiwa hao alikuwa Eiji Tsuburaya, mwanamume aliyevuka miaka 50, mwenye miwani na kofia, asiyeachana na sigara. Alikuwa fundi wa filamu, na dubwana aliyekuwa akimpangia njia ya kupita mjini alikuwa Godzilla.

Jina la Godzilla wengi wetu tunalijua. Limepita kwenye vibanda umiza, kwenye fulana za mitumba, na sasa liko kwenye simu. Jina la fundi wake halikusafiri hivyo. Leo tunasimulia maisha yake, na hasa sehemu ya mwisho inayosahaulika: jinsi alivyomtoa dubwana katika sinema akamwingiza kwenye runinga, hadi akazaliwa dubwana mchekeshaji anayependa tambi, katika mchezo ulioishi chini ya mwaka mmoja.

Mtoto aliyependa ndege

Tsuburaya alizaliwa Julai 1901 katika mji mdogo wa Sukagawa, mkoa wa Fukushima, kaskazini mashariki mwa Japani. Jina alilopewa ni Eiichi. Eiji alilichukua baadaye. Familia yake ilitengeneza na kuuza kimea cha mchele, ile chachu inayotumika kupikia pombe na mchuzi wa soya. Mama yake alifariki akiwa na miaka mitatu. Baba naye aliondoka pale nyumbani, na mtoto akalelewa na bibi yake pamoja na mjomba aliyemzidi miaka michache tu, ambaye alikuwa kwake kama kaka.

Desemba 1910 ndege za kwanza ziliruka Japani, katika uwanja mmoja wa Tokyo. Kijana wa Sukagawa hakuziona. Aliziona picha zake gazetini, na hizo zilimtosha. Alichukua vipande vya mbao akaanza kuunda ndege ndogo kwa kukisia urefu na upana kutoka kwenye picha ya karatasi. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, maana litarudi akiwa mtu mzima, na safari hiyo halitakuwa mchezo wa mtoto.

Mwaka 1916 aliingia chuo cha urubani huko Haneda, pale ulipo leo uwanja mkubwa wa ndege wa Tokyo. Chuo kilikuwa na ndege moja tu. Mwaka uliofuata mkufunzi wake, Seitaro Tamai, alianguka na ndege hiyo akafa, na chuo kikafungwa. Ndoto ya urubani ikaishia hapo. Tsuburaya alikwenda kusoma mambo ya umeme, na huku akisoma alibuni vitu vya kuchezea watoto katika kampuni moja, kikiwemo kibaiskeli cha kusukuma kwa mguu kilichouzika vizuri.

Jinsi alivyoingia kwenye filamu inasimuliwa hivi. Majira ya maua ya mcheri mwaka 1919, wenzake wa kiwanda cha vinyago walikuwa wakistarehe mahali ambapo watu wa filamu nao walikuwepo. Pombe ikapanda kichwani, ugomvi ukazuka. Tsuburaya aliingia kati kuwaamua, na mtu wa filamu aitwaye Yoshiro Edamasa akavutiwa naye, akamwita kazini. Bibi yake hakuipenda kazi hiyo. Kwa wazee wa wakati ule, filamu ilikuwa jambo la maonyesho ya barabarani, si ajira ya mtu mwenye akili zake.

Mpiga picha aliyelalamikiwa

Baada ya utumishi wa jeshi alirudi kwenye kamera. Mwaka 1926 alikuwa msaidizi wa mpiga picha katika filamu ya Kurutta Ippeiji, hadithi ya hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo wapenzi wa filamu wanaitazama hadi leo. Alipenda kujaribu mambo. Alitumia moshi, alipunguza taa, alifunika nusu ya uso wa mwigizaji kwa kivuli. Waigizaji wakubwa wa Kyoto hawakufurahi hata kidogo, maana mtu maarufu hulipwa ili uso wake uonekane. Aliunda pia mnara wa mbao wa kuinulia kamera juu, na siku moja ukaporomoka naye. Msichana mmoja aliyekuwepo siku hiyo, Masano Araki, alikwenda kumtazama hospitali, na mwaka 1930 wakaoana.

Kisha likaja jambo lililomgeuza kabisa. Mwaka 1933 filamu ya Kimarekani ya King Kong ilionyeshwa Japani. Tsuburaya aliipata nakala yake, akaichunguza picha moja baada ya nyingine ili aelewe vipi sokwe mkubwa kuliko nyumba aliweza kupanda jengo la New York. Mbinu ya Wamarekani ilikuwa hii: unatengeneza mwanasesere mdogo, unampiga picha moja, unamsogeza mkono kiasi cha punje ya mchele, unampiga nyingine, mara 24 kwa kila sekunde moja ya filamu. Ni kazi ya subira kama kushona mkeka kwa nyuzi za nywele. Tsuburaya alitamani kufanya hivyo maisha yake yote, na hakupata muda wala fedha.

Alipohamia kampuni iliyokuja kuitwa Toho, mjini Tokyo, mwaka 1937, wapiga picha wengine hawakutaka kufanya kazi naye. Kampuni ikamfungulia kitengo chake cha hila za picha. Mwanzoni kitengo kizima kilikuwa yeye mwenyewe.

Vita, na filamu iliyomponza

Hapa tunafika mahali ambapo wanaompenda Tsuburaya huwa wanapita haraka. Sisi tunaona haifai kupita haraka.

Desemba 1941 Japani ilishambulia meli za Marekani zilizokuwa Pearl Harbor, Hawaii. Serikali ikataka filamu ya kusherehekea shambulio hilo na ikaiagiza Toho iitengeneze iwe tayari baada ya mwaka mmoja. Mwongozaji alikuwa Kajiro Yamamoto, na kazi ya kuonyesha bandari, meli na ndege aliachiwa Tsuburaya. Ajabu ni kwamba jeshi la majini lililotaka filamu hiyo lilikataa kumpa michoro ya meli na ndege zake, kwa kisingizio cha siri za vita. Basi akafanya kile alichokifanya utotoni Sukagawa: alichukua picha za magazeti, akakisia vipimo kwa kulinganisha kitu na kitu, akaijenga Pearl Harbor nzima kwa vielelezo vidogo, maji yake, milima yake na meli zake.

Filamu ilitoka Desemba 1942 na ikawavuta watu wengi mno. Ilionekana ya kweli kiasi kwamba baada ya vita vipande vyake vilidhaniwa kuwa picha halisi za shambulio. Pia iliwahamasisha vijana waende jeshini. Wazee wetu waliochukuliwa kwenda kupigana Burma na jeshi la Mwingereza walikutana huko na vijana wa aina hiyo hiyo, waliolelewa kwa filamu za namna hiyo. Ufundi haukuwa na hatia, lakini ulitumika.

Vita vikaisha, Japani ikatawaliwa na Wamarekani. Mwaka 1948 Tsuburaya aliorodheshwa miongoni mwa watu waliozuiwa kushika kazi kwa sababu ya mchango wao katika propaganda ya vita. Aliondoka Toho, akafungua karakana ndogo nyumbani kwake na kuishi kwa vibarua vya filamu za watu wengine. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Marufuku hiyo iliondolewa kabisa mwaka 1952, naye akarudi Toho akiwa mtu mzima wa miaka 50 na ushee, akianza upya.

Gunia la kilo mia

Machi 1, 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Jivu lenye sumu ya nyuklia liliiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa na mabaharia 23. Wote waliugua, na mmoja wao akafa Septemba mwaka huo huo. Japani nzima iliogopa hata kula samaki.

Katika hofu hiyo, mtayarishaji Tomoyuki Tanaka wa Toho, ambaye filamu aliyopanga kuifanya Indonesia ilikuwa imevunjika, alipata wazo la dubwana wa kale anayeamshwa na bomu la nyuklia chini ya bahari. Tsuburaya mwenyewe inasemekana alikuwa na hadithi yake ya zamani ya pweza mkubwa anayeshambulia meli katika Bahari ya Hindi, bahari yetu hii. Pweza akawekwa pembeni. Mwongozaji akawa Ishiro Honda, aliyekuwa askari kwa miaka mingi na aliyepita Hiroshima baada ya bomu. Jina la dubwana kwa Kijapani ni Gojira, maneno mawili yaliyounganishwa, la sokwe na la nyangumi.

Kwa mbinu ya King Kong filamu ingechukua miaka. Tsuburaya alikuwa na miezi. Kwa hiyo alimvika mtu vazi la mpira na kumtembeza katika mji mdogo. Vazi la kwanza lilikuwa zito, karibu kilo 100, na gumu kiasi kwamba aliyelivaa alishindwa kutembea vizuri. Wakatengeneza la pili, jepesi kidogo. Aliyeteseka ndani yake zaidi ni mwigizaji Haruo Nakajima, kwa joto la taa za studio, hadi kuzimia. Nakajima alikwenda bustani ya wanyama kutazama jinsi tembo na dubu wanavyotembea, kisha akaja kutembea vile.

Lakini mtu aliyevaa mpira ni mtu aliyevaa mpira. Kwa nini basi tunapomtazama tunahisi uzito? Hapa ndipo ufundi wa Tsuburaya ulipo, nao unaeleweka bila kusoma chuo kikuu. Jengo la mita 40 likiporomoka, tofali la juu huchukua karibu sekunde tatu kufika chini. Tengeneza kielelezo cha jengo hilo mara 25 kidogo zaidi, kitakuwa na mita moja na sentimita 60, na tofali lake litafika chini kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Jicho linajua tofauti hiyo hata kama mtu hajawahi kuiwaza. Dawa yake ni kuzungusha kamera kwa kasi kubwa, kuchukua picha nyingi zaidi kuliko zile 24 za kawaida kwa sekunde, halafu kuonyesha filamu kwa mwendo wa kawaida. Kila kitu kinakuwa polepole, na kitu kinachokwenda polepole kinaonekana kikubwa. Majengo yenyewe yalitengenezwa kwa plasta na kuchanjwa chanjwa kwa ndani ili yavunjike mahali yanapotakiwa.

Hila zake nyingine zilikuwa za aina hiyo hiyo, za mtu wa karakana. Bahari inayoonekana kutoka juu aliifanya kwa utomvu mgando unaotokana na mwani, mwani wa jamii nyingine na huu unaolimwa Zanzibar. Ndege za kielelezo hutundikwa kwa nyuzi, na mtazamaji huzitafuta nyuzi hizo kwa juu. Yeye alizigeuza ndege tumbo juu, akaigeuza na kamera, nyuzi zikawa chini ambako hakuna anayetazama. Alipotaka wingu la bomu, alimimina rangi ndani ya tangi la maji na kulipiga picha kichwa chini. Wazo hilo inasimuliwa alilipata akitazama bakuli la supu likichanganyika.

Godzilla ilitoka Novemba 3, 1954. Watu zaidi ya milioni tisa waliitazama Japani. Wengi wao walikuwa wameona Tokyo ikiungua kwa macho yao, na filamu ile haikuwachekesha hata kidogo. Kuna wodi zilizojaa majeruhi, kuna watoto wanaopimwa sumu mwilini. Nakala iliyouzwa Marekani mwaka 1956 ilikatwa na kuongezewa mwigizaji wa Kimarekani, na mengi yaliyohusu bomu yakapunguzwa.

Dubwana anaanza kucheza

Filamu nyingine zikafuata, Rodan mwaka 1956, Mothra mwaka 1961, na mwaka 1962 Godzilla akakutanishwa na King Kong. Katika filamu hiyo madubwana wanarushiana mawe kama watoto wanaocheza mpira. Honda hakupendezwa na mzaha huo. Tsuburaya aliupenda. Alikuwa ameona kwamba waliokuwa wakijaa kumbini sasa ni watoto, na hakutaka mtoto arudi nyumbani akilia. Alikataa pia damu nyingi katika mapigano ya madubwana. Mwaka 1965 alikubali Godzilla aruke ruke kwa furaha akiiga mtindo wa kibonzo kilichokuwa maarufu wakati huo, na hadi leo wapenzi wa filamu hizo wanabishana kama lilikuwa kosa. Sisi tunaona mzee yule alijua anachokifanya. Dubwana aliyezaliwa kwa hofu ya bomu alikuwa amekutana na kizazi kisicholijua bomu.

Na kizazi hicho kilikuwa hakiendi tena sinema kama zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 runinga iliingia katika nyumba za Wajapani kwa kasi kubwa. Mwaka 1963 Tsuburaya alianzisha kampuni yake mwenyewe, akiwa bado anafanya kazi Toho. Aliagiza Marekani mashine ghali ya kuchanganyia picha, Oxberry, ya aina iliyokuwa adimu duniani, yenye bei ya makumi ya mamilioni ya yeni. Alitegemea mkataba na kituo kimoja cha runinga ungeilipia. Mkataba ukavunjika. Mashine ilikuwa tayari njiani.

Kwa mtu mwenye kampuni changa, hilo lilitosha kumfunga mlango. Kilichomwokoa ni mwanawe mkubwa, Hajime, aliyekuwa mwongozaji katika kituo cha TBS. TBS ilikubali kuichukua mashine hiyo na kuagiza mfululizo wa vipindi. Hapo ndipo ilipozaliwa Ultra Q, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2, 1966. Neno Ultra lilitokana na msemo wa michezo ya viungo uliovuma wakati wa Olimpiki ya Tokyo ya 1964.

Kila wiki dubwana mpya, na fedha za runinga si fedha za sinema. Tsuburaya aliazima mavazi Toho. Katika kipindi cha kwanza cha Ultra Q anaonekana dubwana aitwaye Gomess. Ukimtazama vizuri ni Godzilla aliyeongezewa pembe na magamba, na ndani yake yumo Nakajima yule yule. Baadaye Godzilla alivishwa ukosi mkubwa shingoni akaitwa Jirass. Mama anayegeuza gauni la zamani likawa la Sikukuu ataielewa kazi hiyo.

Kati ya vipindi vya Ultra Q kipo kimoja tunachokipenda kuliko vyote. Kinamhusu mvulana mwenye tamaa ya fedha, anayeokota na kukusanya sarafu za wengine. Siku moja anaamka amekuwa dubwana mwenye kichwa chenye umbo la kibeti, aitwaye Kanegon, na chakula chake ni fedha tu. Asipozila anakufa. Wenzake wanahangaika kumtafutia sarafu za kumlisha. Ni hadithi ya kuchekesha, na kila mzazi aliyewahi kulipa deni la mtoto anaweza kuicheka kwa uchungu.

Julai mwaka huo huo ukaanza mfululizo wa Ultraman, sasa kwa rangi. Shujaa wake ni jitu jekundu na la fedha kutoka nyota za mbali, ambalo linaweza kukaa duniani dakika tatu tu kabla nguvu hazijaisha, na taa kifuani huwaka kumwonya. Zaidi ya theluthi ya nyumba zilizopimwa ziliutazama. Bado uliisha baada ya vipindi 39, Aprili 1967. Watazamaji hawakuuchoka. Mafundi ndio waliochoka, maana hawakuweza tena kumaliza kipindi kimoja kila wiki, na gharama zilikuwa zikizidi malipo ya kituo.

Booska, mwenye kupenda tambi

Katikati ya purukushani hiyo, Novemba 9, 1966, kampuni ilianzisha kitu tofauti kabisa katika kituo kingine, Nippon TV. Kaiju Booska, yaani dubwana Booska, ulikuwa mchezo wa rangi nyeusi na nyeupe bila mji wowote wa kukanyagwa. Mvulana mmoja mbunifu aitwaye Daisaku ana mjusi wa kufuga. Anamtengenezea chakula maalumu ili akue, na mjusi anageuka kuwa dubwana mnene mwenye manyoya, urefu kama wa mtu mzima, mwenye macho ya usingizi. Booska anazungumza, ananuna, anajisifu, anapika makosa na kuyalilia. Anakula tambi za ramen bakuli kwa bakuli.

Hakuna anayekufa. Matatizo ni ya mtaani: jirani mkali, shule, wivu kati ya marafiki. Kama mmewahi kusikia bibi akisimulia hadithi ya zimwi aliyekaribishwa nyumbani akafanywa mtumishi, mnaijua ladha yake. Mavazi na hila zilikuwa za mafundi wale wale waliounguza Tokyo, ila sasa walitumia ujuzi wao kumfanya dubwana aketi mezani na familia.

Mchezo ulikwenda vipindi 47 na kufungwa Septemba 27, 1967. Katika kipindi cha mwisho Booska anapanda roketi kwenda angani kwa ajili ya binadamu. Kwake yeye safari itakuwa ya siku chache, lakini duniani itapita miaka 20 kabla hajarudi. Kwa mchezo wa kuchekesha watoto, ni mwisho mzito, na sisi tungependa kumjua aliyethubutu kuupitisha.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1968 kampuni ya Tsuburaya ilitoa Mighty Jack, mfululizo wa saa nzima uliolenga watu wazima, usio na madubwana. Watu hawakuutazama. Ukageuzwa baada ya vipindi 13 kuwa wa nusu saa na wa watoto, na haukupona. Madeni yalikuwa yameshafika shingoni, na mwaka huo huo kampuni ililazimika kupunguza wafanyakazi wengi. Tsuburaya alikuwa akifanya kazi sehemu mbili, Toho na kwake, akisimamia sinema mchana na runinga usiku, na moyo wake ulianza kumsumbua.

Hakuacha. Alikuwa akishughulikia filamu ya banda la Mitsubishi kwa maonyesho makubwa ya Osaka ya mwaka 1970. Kando yake aliweka mipango miwili aliyoitamani siku nyingi. Mmoja ni hadithi ya kale ya binti wa mwezini aliyepatikana ndani ya mwanzi. Mwingine ni filamu juu ya vijana wa kwanza wa Japani waliorusha ndege, wale wa wakati wa Tamai na chuo chenye ndege moja. Hakuna kati ya hizo aliyoifanya. Januari 25, 1970 alifariki usingizini katika nyumba ya mapumziko huko Ito, akiwa na mke wake, miaka 68. Alikuwa Mkatoliki kama mke wake, na alizikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Fuchu, Tokyo.

Hajime alishika kampuni na kumrudisha Ultraman mwaka uliofuata, kisha naye akafariki mwaka 1973 akiwa na miaka 41. Kazi ikaendelea kwa ndugu zake na kwa wengine. Ultraman wapya bado wanatengenezwa.

Sukagawa ilitikiswa vibaya na tetemeko la Machi 2011, mwaka ambao jina la Fukushima lilijulikana dunia nzima kwa sababu ya mtambo wa nyuklia ulioharibika pwani ya mkoa huo huo. Mji uliojenga upya umeweka sanamu za madubwana mitaani, na mwaka 2019 ulifungua makumbusho ya Tsuburaya ndani ya jengo la maktaba na mikutano ya jamii. Hakuna kiingilio.

Booska naye alirudi kwenye runinga ya Japani katika mfululizo mpya mwaka 1999. Alikuwa amechelewa miaka 12.